Presha imeshuka, moyo unakwenda mbio ovyo: uanze na dawa gani?

Wewe unayeanza zamu katika wodi ya wagonjwa mahututi, iko siku utampokea mgonjwa wa sepsisi (maambukizi yaliyouzidi mwili nguvu hadi kudhuru viungo) ambaye presha imeshuka na moyo unapiga mara 150 kwa dakika, bila mpangilio. Mimi wa kwanza wa aina hiyo nilimkimbilia na diltiazemu, dawa ya kupunguza kasi ya moyo. Mapigo yalipungua, presha nayo ikaporomoka, tukahangaika naye hadi alfajiri. Moyo ule ulikuwa unakimbia kufidia mishipa iliyolegea, nami nikauzuia.

Siku hizi naanza na noradrenalini, dawa ya dripu ya kupandisha presha, nikilenga wastani wa presha wa 65 mmHg. Wanaoanza kazi wengi huiogopa kwa kuwa nayo huuchochea moyo. Kweli huuchochea, ila kidogo. Kazi yake kubwa ni kukaza mishipa. Ya kuogopa ni dopamini, dawa nyingine ya kupandisha presha. Katika utafiti wa SOAP II wa mwaka 2010, uliohusisha wagonjwa 1,679 wenye shoku (damu haifiki viungoni vya kutosha), mapigo yalivurugika kwa asilimia 24 ya waliopewa dopamini na asilimia 12 ya waliopewa noradrenalini. Adrenalini pia naichelewesha kadiri hali inavyoruhusu.

Noradrenalini ikifika mikrogramu 0.25 kwa kilo kwa dakika na presha bado inasuasua, usizidi kupandisha tu. Ongeza vasopresini, uniti 0.03 kwa dakika. Hii hukaza mishipa kwa njia yake yenyewe, haipitii vipokezi vya adrenalini vinavyouchapua moyo, na mara nyingi hukuwezesha kushusha noradrenalini. Fenilefrini, nayo ya kukaza mishipa, haiongezi mapigo, lakini haiusaidii moyo kusukuma. Utazame moyo kwa ultrasaundi kabla ya kuigusa.

Wakati dripu inapita, tafuta kinachouchokoza moyo: upungufu wa maji, potasiamu au magnesiamu ya chini, homa, maumivu. Angalia na picha ya kifua, kwani ncha ya mrija wa mshipa mkubwa ikizama hadi ndani ya moyo huweza kuvuruga mapigo, na kuuvuta nyuma kidogo ndiyo tiba.

Mapigo yakigoma kutulia baada ya hayo, natumia amiodaroni, dawa ya kutuliza mapigo, polepole, maana nayo hushusha presha. Mshtuko wa umeme wa kurudisha mpangilio wa moyo naupeleka kwa yule ambaye presha ilianguka pale pale mapigo yalipovurugika. Muulize muuguzi wa zamu. Yeye ndiye aliyeona kipi kilitangulia.