Ndama alizaliwa mzima, mbona akafa?

SWALI: Daktari, ndama wangu alizaliwa mzima, lakini mama yake alivimba kiwele, hivyo alinyonya siku ya pili. Siku ya tano akaharisha, akafa. Nilikosea wapi?

JIBU: Pole sana, ndugu yangu. Ulichelewa. Kondo la nyuma la ng'ombe halipitishi kingamwili, yaani protini za damu zinazopambana na magonjwa, kwa ndama aliye tumboni. Ndama huzipata kwenye dang'a, yale maziwa ya kwanza baada ya kuzaa, na utumbo wake huzipokea kwa takriban saa 24 tu. Ndama wa kilo 35 apewe lita 3 hadi 4 mapema, ndani ya saa 6. Mama akiugua, tumia dang'a ya ng'ombe mwingine mwenye afya. Mimi huigandisha kwenye friza, kisha huiyeyusha kwa maji ya uvuguvugu. Usiichemshe, nakusihi! Kingamwili zitaharibika.