Dhoruba ya Usiku Ziwa Victoria Itazame Mchana, Tena Nchi Kavu

Anayetaka kujua usiku wa Ziwa Victoria utakuwaje, asilitazame ziwa. Saa kumi jioni maji huwa shwari na anga juu yake nyeupe, hata siku ambayo usiku wake utavunja mitumbwi. Geuka utazame mashariki, upande wa Mara, Kisii, Kericho na vilima vya Nandi. Mawingu yakiwa yamepanda huko yakatanuka vichwa kama uyoga, hapo ndipo habari ya usiku inapoanza.

Sababu yake ni hii. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji. Upepo hutoka ziwani kuelekea nchi kavu ukibeba unyevu, hewa hupanda kwenye vilima, na juu ya ziwa hewa hushuka, ndiyo maana anga lake hubaki wazi. Jua likizama mambo hugeuka. Nchi hupoa, lakini maji hubaki na nyuzi joto 24 hadi 26. Upepo wa nchi kavu huteremka kutoka pande zote, hukutana katikati ya ziwa na kuisukuma juu hewa yenye mvuke mwingi. Kama mchana mvua za radi zilikuwa kubwa, huacha nyuma yake hewa baridi na nzito ambayo nayo humiminika ziwani na kuongeza nguvu ya mgongano ule. Wim Thiery, mwanasayansi wa hali ya hewa kutoka Ubelgiji, na wenzake walilichunguza jambo hili kwa picha za setilaiti na mwaka 2017 wakaonyesha kwamba radi za mchana nchi kavu zinaweza kutumika kutabiri ukali wa dhoruba za usiku ziwani. Ziwa lenyewe lina karibu kilomita za mraba 68,800, kwa hiyo nafasi ya dhoruba kukua ni kubwa mno.

Upepo wa juu kwa kawaida huvuma kutoka mashariki, na dhoruba hufuata. Ndiyo maana Bukoba, upande wa magharibi, hupata mvua zaidi ya mara mbili ya Musoma iliyo mashariki, ingawa maji ni yale yale. Kwa aliye mwalo (kituo cha mitumbwi ya wavuvi) wa Mwanza au Ukerewe, umeme unaomulika mashariki au kaskazini mashariki una maana kubwa kuliko ule wa magharibi, ambao mara nyingi unakwenda zake. Aliye Bukoba au visiwa vya Ssese nchini Uganda hana nafuu hiyo: kila kinachozaliwa katikati ya ziwa kinaelekea kwake, na humfikia alfajiri.

Msimu nao una tabia yake. Masika, Machi hadi Mei, ndiyo kazi kubwa, hasa Aprili. Vuli, Oktoba hadi Desemba, hutofautiana sana mwaka hadi mwaka. Magharibi mwa Bahari ya Hindi kukiwa na joto kuliko mashariki yake, kama ilivyokuwa 2019, jiandae kwa vuli nzito. Juni hadi Agosti upande wa kusini hukauka na watu hulegea. Ni kosa. Miezi hiyo upepo wa kusini mashariki huvuma kwa nguvu na kuinua mawimbi makubwa chini ya anga lisilo na wingu, na wakati huo huo Kisumu na Kampala bado wana radi.

Asubuhi anza na taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, au idara ya nchi yako ikiwa uko Kenya au Uganda. Wao wana vipimo usivyo navyo. Ukitaka kuangalia mwenyewe modeli za kompyuta zinazotabiri hali ya hewa, kumbuka kwamba modeli za dunia nzima, zenye gridi (miraba ya kugawa ramani) ya kilomita 9 hadi 13, hazioni wingu moja moja la radi. Hulikisia, na nchi kavu huliwahisha: zikisema mvua saa sita mchana, wewe tarajia saa nane au tisa. Modeli za gridi ya kilomita 4 hivi huusoma vizuri zaidi upepo wa ziwa na wa nchi kavu. Tafuta mambo mawili: unyevu mwingi karibu na ardhi, na hewa kavu kiasi kwenye kimo cha kilomita 5 au 6. Mvua ikipita katika hewa kavu huvukiza, hewa hupoa, inakuwa nzito na kuanguka kwa kasi. Upepo huo unaoanguka na kusambaa juu ya maji ndio unaopindua mitumbwi, kuliko mvua au radi yenyewe.

Kuanzia saa nane mchana fungua picha za infraredi, yaani za joto, za Meteosat, setilaiti za hali ya hewa za Ulaya, ambazo hutoka kila dakika 10 au 15. Usihesabu mawingu, soma joto la vilele vyake. Kilele kinachopoa nyuzi 8 au zaidi ndani ya dakika 15 ni wingu linalokua kwa nguvu. Kikishuka chini ya nyuzi 70 hasi, hiyo ni dhoruba iliyokomaa. Ukiona kundi la namna hiyo mashariki ya ziwa saa kumi na mbili jioni, uamuzi wa kutoingia ziwani usiku huo ni halali, hata kama majirani wote wanajaza mafuta kwenye injini. Tunajua gharama ya usiku mmoja bila dagaa, hasa siku za giza ambapo taa huvuta vizuri. Lakini dagaa wanavuliwa saa zile zile dhoruba inapofikia kilele, kati ya saa sita usiku na saa tatu asubuhi, na mwezi hauna habari na ratiba ya radi.

Hesabu ya kurudi wengi huikosea. Tuseme dhoruba iko umbali wa kilomita 60 na inakuja kwa kilomita 30 kwa saa. Mtu hujiambia ana saa mbili. Hana. Upepo wa mbele, ule unaoanguka na kusambaa, unaweza kuitangulia mvua kwa kilomita 15, kwa hiyo zimebaki kilomita 45, yaani dakika 90. Ukiwa kilomita 20 kutoka mwaloni na mtumbwi uliobeba mzigo unakwenda kilomita 12 kwa saa, unahitaji dakika 100. Umeshachelewa kabla hujang'oa nanga. Pima mwendo wa mtumbwi wako siku ya utulivu, ukiwa na mzigo, na uiandike namba hiyo.

Ngurumo isikufariji kwa kutosikika. Usiku umeme huonekana zaidi ya kilomita 100, lakini sauti yake ni nadra kuvuka kilomita 15. Hesabu sekunde kutoka mmuliko hadi mlio, gawanya kwa tatu, upate kilomita. Ukianza kuhesabu sekunde, muda wa kukimbia umekwisha.

Simu zenye kipima mgandamizo wa hewa husaidia, ila zina mtego. Katika ukanda wetu mgandamizo hupanda na kushuka wenyewe mara mbili kwa siku: juu kama saa nne, asubuhi na usiku, chini kama saa kumi, alfajiri na jioni. Anayeshtuka kila namba inaposhuka jioni atachoka kwa wiki moja. Cha kuangalia ni kuruka ghafla kwa hektopaskali (kipimo cha mgandamizo) 1 au 2 ndani ya dakika chache, pamoja na baridi inayokuja mara moja: hewa ya dhoruba imekufikia.

Rada ya Mwanza ni msaada mkubwa, lakini mwale wake hupanda kadiri unavyokwenda mbali. Ukiinuliwa nusu digrii tu, kwenye kilomita 150 uko zaidi ya kilomita 2 juu, ilhali upepo wa mbele mara nyingi una kimo cha kilomita moja hivi. Rada inaweza kuonyesha mvua mbali huku upepo ukiwa umeshafika miguuni pako.

Wanaopenda kuifuata dhoruba kwa gari wapige picha wafanye hivyo nchi kavu tu, wala wasiingie njia za mbuga zenye udongo mweusi. Zikilowa gari halitoki. Baki upande ambao wingu haliendi, ndani ya gari, vioo vimefungwa. Mawe makubwa ya Mwanza yanavutia kusimama juu yake, na kwa radi ni mahali pabaya kabisa.

Ukikutwa majini, elekeza omo, yaani mbele ya mtumbwi, kwenye wimbi kwa mshazari kidogo, teremsha nguzo za taa, wote wakae chini katikati na jaketi okozi zikiwa zimefungwa, mmoja akumbe maji bila kukoma. Injini ikizimika, tupa kutoka omoni kamba ndefu yenye ndoo au fundo la nyavu. Itavuta omo libaki likiutazama upepo. Ukali wenyewe wa upepo wa mbele mara nyingi hauzidi nusu saa, kisha upepo hubadili upande, na hapo omo lazima ligeuzwe tena.