Kabla hujapeleka saruji machimboni

Wiki iliyopita kijana mmoja aliingia dukani kwangu Gerezani, akaniamkia, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Bati bando kumi, saruji mifuko mia, milango ya mbao kumi na miwili. "Mama, najenga gesti." Nikamuuliza wapi. Akataja machimbo ambayo hata mimi nimeanza kuyasikia mwezi huu. Rashi imelipuka, watu wanakimbilia dhahabu mpya, maduara, yaani mashimo ya wachimbaji, yanatoa, watu wanalala kwenye maturubai, mwenye kitanda ndiye mwenye dhahabu.

Nikamvutia kiti. Gesti hiyohiyo mimi nimeshaijenga, kwenye machimbo mengine ambayo sitayataja, maana kuna watu bado nawadai na wao bado wananikwepa.

Yangu ilikuwa ya vyumba vinane, tofali za saruji, sakafu ya kung'aa. Miezi saba ya kwanza nililala jikoni, vyumba vyote vimejaa. Mwezi wa nane nikaona madalali wanaonunua dhahabu wamepungua. Sikushtuka, kwa sababu maduara yalikuwa bado yanatoa, na kila jioni karasha, zile mashine za kusaga mawe, zilikuwa zinanguruma. Mwezi wa kumi nilibaki na mlinzi na mbuzi wake. Nilifungua bawaba moja moja kwa bisibisi ya kuazima, milango minane ikapanda fuso kurudi Dar. Kuta ziko hukohuko. Nasikia mtu anafugia kuku.

Nyuma ya kaunta yangu nimebandika picha. Ni chumba kilichopakwa rangi ya bluu, mlango uko wazi nusu, na mchanga umejaa ndani hadi karibu na kitasa. Wateja hudhani ni mafuriko. Ni Kolmanskop, jangwa la Namib, karibu na bandari ya Lüderitz huko Namibia. Huwa nawasimulia hata wasipouliza.

Mwaka 1908 kibarua wa reli aitwaye Zacharias Lewala alikuwa anaondoa mchanga kwenye njia ya treni, akaokota kijiwe kinachong'aa. Alikuwa ameshafanya kazi Kimberley, Afrika Kusini, kwa hiyo almasi aliijua. Akampelekea bosi wake, August Stauch. (Namibia ilikuwa koloni la Wajerumani; huku kwetu nako walikuwa wameshafikisha reli yao kutoka Dar hadi Morogoro.) Stauch akatajirika. Lewala hakupewa kitu. Na utajiri wenyewe haukudumu, Stauch alikufa kwao Ujerumani mwaka 1947 akiwa fukara.

Almasi zilikuwa juu ya mchanga kabisa, vibarua wakipangwa mstari, wanatambaa wakiziokota kwa mkono. Ukajengwa mji wa Kijerumani katikati ya jangwa: hospitali yenye mashine ya eksirei, ukumbi wa dansi, kiwanda cha barafu. Barafu, jangwani! Maji yenyewe yaliletwa kwa meli kutoka Cape Town. Wajerumani hawakuwa wengi, mia chache tu pamoja na watoto wao, na vibarua wa Kiovambo waliokuja kwa mkataba walikuwa wengi kuliko wao.

Nilipoisoma habari hii mara ya kwanza nilidhani almasi ziliisha, watu wakaondoka. Kweli zilikuwa zinapungua. Lakini pigo lenyewe lilitoka kusini: mwaka 1928 zikaonekana almasi nyingi zaidi karibu na mdomo wa mto Orange, na watu wakaanza kuhamia huko, wengine wakiacha nyumba na vyombo vyake. Familia za mwisho ziliondoka mwaka 1956. Toka jiwe la Lewala, miaka 48.

Hapo ndipo nilipoielewa gesti yangu. Mimi nilikuwa nachungulia duara, kumbe ningetazama barabara. Machimbo huuliwa na machimbo mengine, na wa kwanza kujua ni dalali, kwa sababu yeye hana shimo la kumfunga. Ukiwa huko, fanya urafiki na madalali wawili watatu. Siku wakianza kulipa chumba kwa usiku mmoja mmoja badala ya wiki, usiagize hata godoro.

Uliza pia maji yanatoka wapi na nani anayalipia. Boza, lile gari la maji, likiwa la mtu mmoja, mji mzima ni wa mtu huyo. Na usikubali kulipwa kwa asilimia ya duara. Mimi nilikuwa na asilimia kwenye maduara matatu, ukitaka nakuonyesha daftari.

Kuhusu kujenga, jenga kitu kinachofunguka. Fremu za mbao, bati kwa skrubu badala ya misumari, maana bati lililopigwa misumari ukiling'oa linachanika, la skrubu unalipanga kwenye fuso likaezekwe kwingine. Skrubu ni ghali kidogo, najua, na mimi ndiye ninayeziuza, kwa hiyo pima maneno yangu utakavyo.

Kijana alisikiliza yote, akanywa na soda. Akaitazama ile picha muda mrefu. Akachukua bati bando nne tu, milango sita, na skrubu pakiti mbili. "Ahsante sana, Mama."

Saruji akaenda kuinunua duka la jirani.