Armadilo si kakakuona: jinsi ya kumweleza mtoto

Mama mmoja anayelea watoto Texas ametuandikia. Mwanawe alimwona mnyama mwenye gamba akifukua bustani jioni, mama akamwambia ni kakakuona. Huyo ni armadilo, na tafadhali mama umsahihishe leo hii, maana jina likishakaa kichwani mwa mtoto kulitoa ni kazi.

Anza na mdomo. Kakakuona hana jino hata moja. Armadilo ana meno madogo kama vijiti, ila ya mbele hana. Magamba ya kakakuona ni kama kucha, ya armadilo yana mfupa ndani. Huyo wa Texas huitwa wa mikanda tisa, yaani pingili za gamba za katikati ya mgongo, ingawa wengine wana 8 au 11. Mpe mtoto picha ahesabu mwenyewe.

Mikanda ni ya nini? Hapa maneno hayatoshi, tengenezeni. Tafuta kitambaa laini cha sm 20 kwa 25. Kata boksi jembamba, kama la nafaka (katoni nene haipindi), vipande 9 vya upana wa sm 2 na viwili vya sm 5 vya mabega na kiuno, vyote urefu wa sm 20. Bandika kiuno kwanza, kisha panda kuelekea kichwani kama fundi anavyoezeka bati, kila kipande kikilalia kilichotangulia nusu sentimita. Gundi ni ukingo wa mbele tu. Ukipaka kipande kizima, mgongo unakuwa ubao na somo limekufa. Ikikauka, mtoto ataona mgongo unapinda lakini haujifungi kama mpira. Wanaoweza kujifunga hivyo ni armadilo wa mikanda mitatu wa Amerika Kusini.

Kisha mpeleke, kwa maneno tu, hadi shimo la armadilo. Mlango wake ni kama sm 20, na ndani kuna kitanda cha majani makavu, ambayo armadilo huyakumbatia chini ya tumbo akirudi kinyumenyume. Humo mama huzaa wanne, mapacha wa yai moja, wote wa kike au wote wa kiume. Gamba lao ni laini kama ngozi ya kiatu, hukomaa polepole.

Jambo moja usilipunguze. Baadhi ya armadilo wa kusini mwa Marekani hubeba vijidudu vya ukoma. Ukoma unatibika na hauambukizi kirahisi, lakini mtoto asimguse, awe hai au amegongwa barabarani. Akitaka kumwangalia, ni dirishani, taa ya chumba ikiwa imezimwa.