Maswali ya Wasomaji: Nani Hulipia Barua Isiyo na Stempu?

SWALI: Ninaishi Columbus, Ohio, na huwaandikia ndugu zangu waliotawanyika katika majimbo mengine ya Marekani kwa barua za mkono. Rafiki ninayekaa naye amenielekeza niandike anwani ya ninayemwandikia kwenye kona ya juu kushoto, mahali pa mtumaji, kisha anwani yangu niiweke katikati, na niitumbukize bahasha bila stempu. Anasema posta itairudisha kwa huyo “mtumaji”, nayo itakuwa imefika bure. Je, ni kweli? Na kuna ubaya gani, ikiwa posta yenyewe ni ya serikali? (Msomaji, Columbus)

JIBU: Ndugu msomaji, hila hiyo ni ya zamani. Inapofaulu, hufaulu kwa sababu hakuna aliyeitazama bahasha kwa makini, wala si kwa sababu kanuni inairuhusu. Posta ya Marekani hutenganisha mambo mawili: barua isiyo na stempu kabisa hurudishwa kwa mtumaji, na barua yenye stempu pungufu hupelekwa kwa mpokeaji, ambaye hudaiwa kiasi kilichopelea. Rafiki yako anategemea hilo la kwanza, na analitegemea kwa kuandika uongo juu ya bahasha. Kuandika anwani ya mtu mwingine kana kwamba yeye ndiye aliyetuma, kwa kusudi la kukwepa malipo, ni udanganyifu, na kupendana kwa ndugu hakubadilishi jina la kitendo hicho.

Bahasha za kawaida zikishafika kituo cha kuchambulia, hupitishwa katika mashine inayozigeuza zote zitazame upande mmoja na kuzipiga muhuri. Mashine hiyo huitafuta stempu kwa mwanga, kwa sababu stempu za Marekani hutiwa kemikali inayong'aa inapomulikwa na taa maalumu. Utaratibu huo ulianza mwaka 1963 kwa stempu ya senti 8 ya barua za ndege iliyotolewa mjini Dayton, ambako hakuko mbali na kwako. Bahasha isiyong'aa hutengwa na kuangaliwa na mtu. Huyo mtu akiona barua iliyotumbukizwa Ohio, ilhali “mtumaji” wake anaishi Texas na “mpokeaji” anaishi Columbus, hahitaji kuwa mpelelezi ili aelewe kilichofanyika.

Kuhusu posta kuwa ya serikali, ni vyema ujue kwamba kwa kawaida Posta ya Marekani haiendeshwi kwa kodi za wananchi, bali kwa mauzo ya stempu na huduma zake, huku sheria ikiibebesha wajibu wa kufikisha barua hata katika vijiji vya mbali ambavyo kampuni binafsi zisingevifuata kwa bei hiyo. Kwa hiyo barua uliyoituma bure ililipiwa. Ililipiwa na watu wengine walionunua stempu, wakiwemo wazee wa kipato kidogo ambao bado hulipa bili zao kwa hundi ndani ya bahasha.

Stempu yenyewe ilizaliwa kutokana na hila za namna hii, na ndiyo sababu ninalikazia jambo hili. Nchini Uingereza, kabla ya mwaka 1840, mara nyingi mpokeaji ndiye aliyelipa, na ada ilipanda kwa umbali na kwa idadi ya karatasi, hata barua moja ikawa mzigo kwa kibarua. Watu wakapatana alama za siri. Mwana aliye mbali aliweka nukta au mstari mahali fulani juu ya karatasi iliyokunjwa. Mzazi akaitazama mikononi mwa tarishi, akajua kwamba mwanawe ni mzima, kisha akaikataa barua bila kutoa chochote. Wengine walituma magazeti, ambayo yalisafirishwa bila ada ya posta, wakiwa wametoboa vitundu vya sindano chini ya herufi moja moja hadi ujumbe ukakamilika. Siwezi kuwalaumu sana watu hao, kwa kuwa bei waliyotozwa ilikuwa ya dhuluma. Mwaka 1837 Rowland Hill, Mwingereza aliyepigania mageuzi ya posta, alipendekeza ada moja ndogo, isiyojali umbali ndani ya nchi, tena ilipwe na mtumaji kabla barua haijaondoka. Tarehe 6 Mei 1840 stempu ya Penny Black ikaanza kutumika: peni moja kwa barua isiyozidi nusu aunsi, yaani takribani gramu 14. Dhuluma ile ya bei ndiyo iliyowapa watu udhuru, nayo ilikwisha. Mtu anayemtupia mwenzake gharama leo hana udhuru huo.

SWALI: Baadhi ya stempu kwenye bahasha ninazopokea hazikuguswa na muhuri. Je, naweza kuzibandua kwa maji na kuzitumia tena? Pia nimesikia kwamba ukiipaka stempu sabuni au gundi nyembamba kabla ya kutuma, aliyeipokea anaweza kuufuta wino na kukurudishia. (Msomaji wa kike, Mombasa)

JIBU: Hapana kwa yote mawili, dada yetu. Stempu hulipia safari moja, na safari hiyo imekwisha hata kama muhuri uliikosa. Kuloweka si kosa, kwani wakusanyaji wa stempu hufanya hivyo kila siku. Kosa ni kuibandika tena. Hilo la sabuni ni baya zaidi, kwa sababu linaonyesha kwamba nia ya kudanganya ilikuwepo tangu mwanzo.

Tena posta zimepambana na ufutaji wa wino tangu mwaka wa kwanza wa stempu. Penny Black ilipigwa muhuri mwekundu, ambao wajanja waligundua kuwa unaweza kuondolewa. Kufikia mwaka 1841 Waingereza wakaigeuza stempu iwe nyekundu na muhuri uwe mweusi. Katika nchi hiyo hiyo, tangu mwaka 2022 stempu za kawaida huwa na msimbo unaosomwa na mashine, kila moja na wake, hivyo stempu iliyokwisha kupita hutambulika hata ikiwa safi kabisa. Nchini Marekani sheria humtishia anayetumia tena stempu kwa faini au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, na akiwa mfanyakazi wa posta kifungo hufika miaka mitatu. Wape watoto wanaokusanya stempu hizo ulizonazo.

SWALI: Mtandaoni kuna stempu za Marekani zinazouzwa nusu bei. Nimenunua karatasi mbili. Je, ni salama? (Msomaji, Houston)

JIBU: Usizitumie. Posta huwapa baadhi ya wauzaji punguzo dogo tu, kwa hiyo anayekuuzia nusu bei, tena kwa wingi, karibu hakika anauza stempu bandia. Tangu mwaka 2023 kanuni ya posta inasema kwamba barua au kifurushi chenye stempu bandia huhesabiwa kuwa kimetelekezwa, kikaweza kufunguliwa na kutupwa. Fikiria hundi ya kodi ya nyumba, au fomu ya uhamiaji yenye tarehe ya mwisho, ikiwa ndani ya bahasha hiyo. Uingereza hadi mwaka 2024 ilimdai mpokeaji pauni 5 ili apewe barua yenye stempu bandia, na malalamiko ya watu waliotozwa kwa kosa wasilolifanya yalikuwa makubwa kiasi kwamba Royal Mail, yaani posta ya nchi hiyo, ilisimamisha tozo hiyo.

Ukitaka nafuu ya halali, nunua stempu za Forever kaunta ya posta kabla bei haijapanda. Zilianzishwa mwaka 2007, na hubaki halali kwa barua ya aunsi moja hata bei ikipanda mara ngapi. Aunsi moja ni gramu 28, na karatasi ya kawaida ni karibu gramu 5, kwa hiyo kurasa nne pamoja na bahasha nyepesi huwa ndani ya kiwango. Jiepushe na bahasha za mraba na zile ngumu zisizokunjika, kwa kuwa hutozwa ada ya ziada hata zikiwa nyepesi. Watu wengi hulipa zaidi kwa kadi za harusi kwa sababu hiyo tu, au mbaya zaidi, aliyealikwa ndiye anayedaiwa.

SWALI: Tunataka kutuma vitabu kutoka Marekani kwenda shule moja Kigoma. Mwenzetu anashauri tuandike “vitabu tu” ili tupate bei ya machapisho, kisha tufiche nguo na barua katikati. (Kikundi cha wasomaji, Minneapolis)

JIBU: Msifanye hivyo, kwa sababu atakayepata taabu ni mwalimu mkuu wa Kigoma. Kifurushi kinachosema jambo moja juu na kubeba jingine ndani kikifunguliwa na forodha huzuiliwa, na anayeitwa kujieleza, na pengine kulipa, ni yule ambaye jina lake limeandikwa kuwa mpokeaji.

Bei nafuu ya vitabu ndani ya Marekani, inayoitwa Media Mail, haivuki mipaka, na posta ina haki ya kufungua vifurushi vyake ili kuhakiki. Kwa nchi za nje, ulizeni kaunta kuhusu mfuko wa M, ambao ni gunia maalumu la machapisho yanayokwenda kwa mpokeaji mmoja, lenye uzito wa hadi kilo 30. Ikiwa kuna vitabu vya nukta nundu kwa wanafunzi wasioona, vitengeni na vitabu vingine, kwa kuwa makubaliano ya Umoja wa Posta Duniani yanavisamehe ada ya kawaida ya posta. Nguo zitumeni peke yake na zitajeni kwa jina lake kwenye fomu ya forodha. Kabla ya yote, mwandikieni mwalimu mkuu mumuulize ni vitabu gani vya mtaala anavyovihitaji, kwa maana hata mfuko uliolipiwa kihalali ni hasara ukibeba vitabu ambavyo shule haiwezi kuvitumia.