Jua tu halitoshi kukuambia moto utakuja

SWALI: Habari za kazi wahariri, mimi nalinda msitu wa kupandwa, utabiri kila siku unasema jua, hakuna mvua, sasa huo utabiri maalum wa moto unaongeza nini?

JIBU: Unaongeza mengi ndugu yangu. Jua peke yake si kitu, kinachoua ni unyevu wa hewa ukishuka halafu upepo ukapanda siku hiyohiyo, wazima moto wengi wanashika ile namba ya 30 mara tatu, yaani joto kupita nyuzi 30, unyevu chini ya asilimia 30, upepo zaidi ya kilomita 30 kwa saa, zikikutana hizo msichome hata takataka. Chukua jani kavu ulikunje mkononi, likivunjika kwa kelele ujue limekauka, na nyasi zilizokufa zinakauka ndani ya saa moja hivi tu wakati gogo linataka wiki kadhaa, ndo maana kipimo cha Kanada cha hatari ya moto kinachoitwa FWI kinasoma hewa ya saa sita mchana na pia kinakumbuka mvua ya siku zilizopita.

Ila mimi naogopa zaidi upepo kugeuka. Moto mrefu mwembamba, upepo ukigeuka ghafla, ule ubavu wote unakuwa kichwa, yaani sehemu ya mbele inayokimbia na upepo, na watu waliokuwa wamesimama pembeni wakidhani wako salama wanajikuta mbele yake. Kwa hiyo ukipiga simu kwa watabiri uliza saa ngapi upepo unageuka na unatokea wapi, usiulize mvua tu.