Maswali na majibu: programu yako iwe huduma ya systemd

Nina programu ya Python inayopokea taarifa za malipo kwenye seva ya Ubuntu. Nikifunga terminali, nayo inakufa. Nifanyeje?

Ikabidhi kwa systemd, ambayo ndiyo msimamizi wa huduma za Ubuntu tangu toleo la 15.04. Fungua faili /etc/systemd/system/malipo.service, uandike:

```
[Unit]
Description=Kupokea malipo
Wants=network-online.target
After=network-online.target

[Service]
User=malipo
WorkingDirectory=/opt/malipo
ExecStart=/opt/malipo/venv/bin/python app.py
Restart=on-failure
RestartSec=5

[Install]
WantedBy=multi-user.target
```

Kisha `sudo systemctl daemon-reload`, halafu `sudo systemctl enable --now malipo`. Hilo neno `enable` usiliache. Wengi huishia kwenye `start`, mambo yanakwenda vizuri, umeme unakatika usiku, na asubuhi seva imewaka lakini huduma haipo.

Hapo kwenye User siwezi kuweka root tu, yaani mtumiaji mwenye mamlaka yote, yaishe?

Tafadhali usiweke. Programu hiyo inaongea na intaneti. Mtu akipata upenyo ndani yake, akiwa root ameichukua seva nzima, pamoja na kumbukumbu za fedha za watu. Tengeneza mtumiaji wake kabla hujaiwasha:

`sudo useradd --system --shell /usr/sbin/nologin malipo`

Nywila nazo zisikae ndani ya msimbo. Ziweke kwenye faili ya pembeni yenye ruhusa 600 (mmiliki pekee ndiye anayeisoma na kuiandika), mmiliki wake root, na uitaje kwa `EnvironmentFile=`. systemd huisoma yenyewe kabla ya kuvaa utambulisho wa malipo, kwa hiyo mtumiaji huyo hahitaji kuifungua.

Nikiandika `systemctl status malipo`, inaniandikia 203/EXEC.

systemd imeshindwa kuliendesha hilo faili la ExecStart. Kagua njia herufi kwa herufi, na kama ni skripti yako mwenyewe, hakikisha ina ruhusa ya `chmod +x` na mstari wa kwanza wa `#!`. Kumbuka pia kwamba .bashrc yako, yaani faili ya mipangilio ya terminali, haisomwi hapa.

Nimeweka Restart, lakini baada ya kuanguka mara kadhaa imebaki chini.

Bila RestartSec, systemd husubiri milisekunde 100 tu kabla ya kujaribu tena, na huduma ikianza mara 5 ndani ya sekunde 10 huachana nayo. Sekunde 5 za kusubiri zinaondoa tatizo hilo. Ila tafuta kwanza kinachoiangusha, kwenye kumbukumbu za huduma: `journalctl -u malipo -e`.

Nimeangalia huko, maneno ya print hayaonekani.

Python huyashikilia kwanza pale inapoona haiandikii terminali. Ongeza `Environment=PYTHONUNBUFFERED=1` chini ya [Service], rudia daemon-reload, kisha `sudo systemctl restart malipo`.